Kumfundisha Nyumbani Mtoto Mwenye Ulemavu wa Akili: Hatua kwa Hatua

Mzazi akishaamua kumfundisha mwanawe nyumbani, kitu cha kwanza anachonunua huwa ni ubao mdogo na boksi la chaki. Anamkalisha mtoto sebuleni, anaandika a, e, i, o, u, na baada ya wiki chache wote wawili wamechoka. Mtoto amejifunza kukimbia akiona chaki, na mzazi ameanza kuyaamini yale maneno ya majirani kwamba huyu hafundishiki. Mwongozo huu unapita njia nyingine. Nyumba ina masomo ya kutosha tangu kunawa uso asubuhi mpaka kutandika kitanda usiku. Kazi ya mzazi ni kuyachagua na kuyafundisha kwa utaratibu. Ubao utakuja baadaye, na kwa watoto wengine hautakuja kabisa.

Ninawaandikia wazazi wa Tanzania wenye watoto wa miaka 5 hadi 14 hivi wenye ulemavu wa akili, wakiwemo wenye sindromu ya Down na wenye usonji wanaochelewa kujifunza. Mtoto kiziwi anahitaji lugha ya alama, na asiyeona anahitaji nukta nundu. Hayo yanataka mwalimu aliyeyasomea, kwa hiyo sitayagusa hapa.

Hatua ya 1: Jina lake libaki shuleni

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule mtoto aliyefikia umri wa kuanza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inampa mtoto huyu haki ya elimu sawa na wenzake. Mfumo wetu wote umejengwa juu ya shule iliyosajiliwa. Ukimfungia mtoto nyumbani bila jina lake kuwa popote, unampotezea mwalimu, unampotezea vifaa vikigawiwa, na siku ukitaka arudi utaanza upya kupanga foleni.

Nenda halmashauri, umwone Afisa Elimu anayeshughulikia elimu maalumu. Muulize ni shule gani ya msingi iliyo karibu yenye kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili, mtoto anapimwa wapi kabla ya kuandikishwa, na kama mwalimu wa kitengo anaweza kukubali mtoto ahudhurie siku chache kwa wiki wakati siku nyingine unamfundisha mwenyewe. Hili la mwisho hutegemea sana moyo wa mwalimu mkuu, lakini usipouliza hutapewa. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, kwa hiyo kinachowakwamisha wengi ni nauli na mtu wa kumsindikiza mtoto.

Mwalimu wa kitengo, hasa aliyepita chuo cha Patandi kule Arusha, ni hazina hata kama mwanao haendi kila siku. Mwombe amtazame mtoto kwa nusu saa, kisha mwombe akuonyeshe muhtasari wa masomo wa Taasisi ya Elimu Tanzania anaoutumia. Utashangaa jinsi stadi za kujitegemea zinavyochukua nafasi kubwa ndani yake. Maktaba mtandao ya Taasisi hiyo pia ina vitabu vya kiada vya kusoma bure kwa simu, na vile vya awali vyenye picha kubwa vinafaa.

Hatua ya 2: Masikio, macho, kifafa

Usianze somo lolote kabla ya haya. Mtoto "mbishi" asiyegeuka akiitwa huenda hasikii. Watoto wenye sindromu ya Down wana vijia vyembamba vya masikio, nta huziba upesi, na majimaji hukaa nyuma ya ngoma ya sikio kwa miezi bila maumivu yoyote. Wengi wao pia wana matatizo ya kuona, na tezi ya shingo ikifanya kazi kwa uvivu mtoto hulala, hunenepa na huchelewa zaidi. Hilo hujulikana kwa kipimo cha damu na lina dawa. Hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina madaktari wa masikio na macho. Anza na hospitali ya wilaya ili uandikiwe rufaa.

Kifafa hujificha. Si kila kifafa ni kuanguka na kutoa povu. Kuna kile cha mtoto kukodoa macho sekunde chache, kope zikipepesa, mkono ukisimama hewani na kijiko, kisha anaendelea kula kana kwamba hakuna kilichotokea. Kikimjia mara nyingi kwa siku, masomo yako yana matundu na wewe hujui. Mrekodi kwa simu, umpelekee daktari video hiyo. Na kama tayari ana dawa, asiruke hata siku moja wala asiachishwe ghafla kwa sababu "amepona". Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege la mfululizo.

Uliza pia kama hospitali ina mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Kazi yake ni kumwezesha mtoto ale, avae na acheze mwenyewe, na siku moja naye itakuondolea kubahatisha kwingi.

Hatua ya 3: Mtazame wiki nzima bila kumfundisha

Chukua daftari la kawaida. Kila ukurasa uwe wa shughuli moja: kula, choo, kuoga, kuvaa, kucheza, kuomba kitu, kulala, kutoka nje. Kwa kila shughuli andika anachofanya mwenyewe, anachofanya akisaidiwa, na asichofanya kabisa. Andika ulichokiona kwa macho. "Hajui kula" ni hukumu. "Anashika kijiko, anachota, kijiko kinapinduka kabla ya kufika mdomoni" ni taarifa, na ndani yake kuna somo la kesho: sufuria ndogo yenye uji mzito unaong'ang'ania kijiko, badala ya uji wa kunywa.

Usipoteze muda kutafuta "ana akili ya mtoto wa miaka mingapi". Binti wa miaka 12 asiyejua kuhesabu hadi tano bado ni binti wa miaka 12. Ana aibu zake, mwili wake unabadilika, na hapendi kuitwa "katoto" mbele ya wageni.

Hatua ya 4: Malengo matatu, basi

Watatu wa nyumba wakikutajia mambo kumi na mbili wanayotaka mtoto ajue, chagua matatu. Moja liwe la kujihudumia, moja la mawasiliano, moja la kushiriki kazi za nyumba au kucheza na wenzake. Uchague kwa swali hili: likifanikiwa, nani atapumzika? Mtoto anayejifunza kwenda chooni anampumzisha mama, anaweza kupokelewa kirahisi zaidi kwenye kitengo, na anaweza kulala kwa shangazi Ijumaa. Kutaja rangi saba za upinde wa mvua hakumpumzishi mtu.

Lengo liandikwe hivi kwamba mtu mwingine akisoma ajue limetimia au la. "Aelewe usafi" halipimiki. "Akitoka chooni ananawa kwa sabuni bila kuambiwa, siku nne kati ya tano" linapimika, na hata bibi asiyejua kusoma anaweza kukuambia leo limetimia.

Hatua ya 5: Vunja kazi vipande, uanzie mwisho

Hapa ndipo elimu maalumu yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kazi tunayoiona moja kwa mtoto ni kazi nyingi. Chukua kunawa mikono kwenye kibuyu chirizi: kanyaga kijiti, weka mikono chini ya maji, achia kijiti, shika sabuni, sugua viganja, sugua migongo ya mikono, sugua kati ya vidole, kanyaga tena, suuza, kung'uta. Nenda ukanawe mwenyewe polepole huku mwenzako akiandika, maana kichwani utaruka vipande. Kisha mtazame mtoto, uone anakwama wapi. Wengi hukwama pale pa kukanyaga kwa mguu na wakati huohuo kushika mikono chini ya maji. Viungo viwili kufanya kazi mbili kwa pamoja ni kitu kigumu. Suluhisho ni wewe kukanyaga kwa mwezi wa kwanza, yeye asugue na kusuuza tu.

Kwa kuvaa, anzia mwisho. Kaptula ina vipande hivi: shika kiuno chake, ingiza mguu mmoja, ingiza wa pili, vuta hadi magotini, vuta hadi mapajani, vuta hadi kiunoni. Fanya vyote wewe, umwachie kile cha mwisho tu. Kaptula ipo mapajani, unasema "Vuta!", anavuta, amevaa, umempongeza. Akishakiweza bila msaada siku kadhaa mfululizo, mwachie viwili vya mwisho, kisha vitatu. Faida yake ni kwamba kila mara mtoto ndiye anayemaliza kazi, na kila mara anamaliza kwa ushindi. Ukianzia mwanzo, yeye anaingiza mguu na wewe unamalizia, kwa hiyo anachokumbuka ni kwamba mama ndiye humvalisha kaptula. Nguo ya mazoezi iwe kubwa kidogo na yenye mpira kiunoni. Zipu na vifungo ni masomo ya mwaka mwingine.

Msaada nao una ngazi zake, na mzazi mwenye huruma huishi kwenye ngazi ya juu kabisa. Ngazi ya juu ni mkono wako juu ya mkono wake. Chini yake ni kumgusa kifundo cha mkono tu, halafu kiwiko, halafu kuonyesha kwa kidole, halafu kusema, halafu kukaa kimya na kungoja. Kila baada ya siku chache jaribu kushuka ngazi moja. Kungoja ndiko kugumu zaidi. Ukishasema "Vuta", hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia. Watoto hawa huchukua muda kulipokea neno na kulipeleka mkononi, na ukirudia mara tatu ndani ya sekunde tano umempa maneno matatu ya kushughulikia badala ya moja.

Maneno yawe machache na yawe yaleyale. Baba akisema "Vaa", dada wa kazi "Haya vaa basi nguo yako", na bibi "Embu jisitiri mjukuu wangu", mtoto anasikia amri tatu. Kubalianeni neno moja, mliandike, mlibandike mlangoni.

Sifa itaje kilichofanyika: "Umesugua vidole!" Ni bora kuliko "Mtoto mzuri", ambayo haimwambii arudie nini. Pipi si dhambi, ila ikiwa kila kipande kinalipwa kwa pipi, siku pipi haipo, kazi nayo haipo. Tumia vitu anavyovipenda na vinavyokwisha haraka: kurushwa juu, mapovu ya sabuni, wimbo mmoja, kubembea mlangoni.

Hatua ya 6: Mpe njia ya kusema kabla ya kudai aseme

Mtoto asiyeongea huwa anawasiliana tayari, kwa kukuvuta kanga, kulia au kujitupa chini. Kazi yako ni kumpa njia nyepesi kuliko kujitupa.

Anza na kuchagua kati ya vitu viwili halisi. Shika kikombe cha maji mkono huu na kipande cha embe mkono ule, uliza "Maji au embe?", ngoja. Akitazama, akigusa au akinyoosha mkono, mpe hapohapo na utaje: "Embe." Ukitaka kujua kama anachagua kweli, badilisha mikono. Mwanzoni kimoja kiwe anachokipenda na kingine asichokijali, ili uone tofauti.

Kisha picha. Piga kwa simu picha za vitu vya kwenu, kikombe chenu, choo chenu, pikipiki ya baba. Usitumie vya mtandaoni ambavyo mtoto hajawahi kuviona. Steshenari yoyote inaweza kuzichapa na kuzifunika kwa plastiki. Picha nne zinatosha kuanzia. Mtoto akupe picha mkononi, wewe umpe kitu. Akikupa ya maji, mletee maji, hata kama una hakika anataka soda. Picha isiyoleta kitu haina thamani.

Wapo watakaokuambia picha na ishara zitamfanya mvivu wa kuongea. Hazifanyi hivyo. Mtoto mwenye njia ya kuomba hutulia, na utulivu huo ndio unaoruhusu maneno kuja kama yapo. Vilevile usiache Kisukuma au Kipare chenu ukidhani lugha mbili zitamchanganya. Kusikia lugha mbili hakumcheleweshi mtoto mwenye ulemavu wa akili, na kutoelewa anachosema bibi kunamtenga na nusu ya ukoo.

Hatua ya 7: Ratiba ya kuonekana

Vipindi vya kukaa viwe vya dakika 10 hadi 15, viwili au vitatu kwa siku, saa zilezile. Masomo mengine yote yapo ndani ya shughuli zenyewe. Chora au bandika picha tano ukutani kwa mpangilio: kunawa, uji, kazi, kucheza, kuoga. Kila moja ikiisha mtoto anaing'oa na kuitia kwenye kopo. Kwa mwenye usonji kopo hili ni mkombozi, maana linamwonyesha kuna mwisho. Na kama leo mnakwenda kliniki, weka picha ya kliniki asubuhi. Usimshtukize mlangoni.

Angalia sauti. Mvua kubwa juu ya bati inaweza kumfanya mtoto mwenye usonji azibe masikio na kulia, na hakuna somo litakaloingia. Siku hiyo mhamishie chumba chenye dari au mfunike blanketi, acha somo. Mashine ya jirani, jenereta na kengele pia ni vya kufikiriwa. Mtoto aliyeketi kwenye mkeka akiegemea ukuta, miguu ikiwa imetulia, hutumia mikono vizuri kuliko aliyening'inia kwenye kiti cha mtu mzima.

Hatua ya 8: Kuhesabu na kusoma, vikifika

Kuhesabu kuanzie mezani. "Sahani kwa baba, sahani kwa bibi, sahani kwako." Kitu kimoja kwa mtu mmoja ndio msingi wa namba. Anayeimba moja hadi ishirini bila msingi huo anaimba tu. Akiuweza, nenda kwenye "Niletee vijiko viwili", kisha vitatu. Kaa kwenye namba tatu muda mrefu bila aibu.

Pesa haihitaji kungoja hesabu. Chukua kadi ngumu, weka juu yake sarafu tatu za shilingi 100, zungushia kalamu. Sasa una duara tatu. Mtoto anapanga sarafu juu ya duara hadi zijae, anazitia mfukoni pamoja na kadi, na mnakwenda dukani kwa Mangi. Mwambie Mangi mapema unachofanya, apokee kwa mtoto na si kwako, na asiharakishe. Duara zikijaa, pesa imetimia, hata kama mtoto hawezi kutamka mia tatu. Kadi nyingine iwe ya sarafu ya 500. Ukubwa wa sarafu wenyewe unamkosoa akikosea.

Kusoma kuna njia mbili. Kiswahili kina bahati ya silabi zinazosomeka kama zinavyoandikwa, ndiyo maana shule huanza na ba, be, bi, bo, bu. Lakini watoto wengi wenye sindromu ya Down hukumbuka wanachokiona vizuri kuliko wanachokisikia, na kwao neno zima lenye maana huingia kabla ya silabi. Anza na jina lake, mama, baba, maji, uji. Andika kila neno kwenye kadi kwa herufi ndogo (si zile za HERUFI KUBWA) lakini zenye ukubwa wa kuonekana vizuri, uwe na kadi pacha. Kwanza alinganishe neno na pacha wake. Akiweza, achague: "Nipe maji." Mwishoni ataje mwenyewe, kwa sauti au kwa ishara. Akiwa na maneno kumi hivi, mwonyeshe kwamba "mama" na "maji" yanaanza sawa, na hapo ndipo silabi zinapata maana.

Kama baada ya mwaka wa kujaribu kwa uaminifu kusoma hakujaingia, kuache. Maneno ya usalama kama CHOO na HATARI anaweza kuyajua kama picha, na muda uliobaki uende kwenye kufua, kupika chai, kulisha kuku.

Hatua ya 9: Tabia ngumu zina sababu

Kabla ya kuadhibu, andika mambo matatu kila inapotokea: nini kilitangulia, alifanya nini hasa, nini kilifuata. Baada ya mara saba au nane sababu huonekana yenyewe. Aghalabu ni moja ya hizi: anataka kitu, anataka mtu, anakimbia kazi, au mwili unamsumbua. Hii ya mwisho ichunguze kwanza. Anayejipiga kichwa ghafla wiki hii huenda ana jino au sikio, na hana neno la kukuambia.

Chukua anayepiga mayowe kila kadi zikitolewa. Ukizirudisha kabatini, umemfundisha kwamba mayowe yanafunga somo. Ukimchapa, umemfundisha kwamba kadi zinaumiza. Mfundishe picha ya "nimechoka", na siku za mwanzo akikupa picha hiyo funga somo papo hapo, hata kama mmekaa dakika moja. Akishaelewa kwamba picha inafanya kazi, omba kadi moja zaidi kabla ya kufunga, kisha mbili. Fimbo kwa mtoto huyu haifundishi chochote, kwa sababu mara nyingi hawezi kuunganisha maumivu ya sasa na kosa la dakika tano zilizopita.

Kwa mtoto anayetoroka, weka komeo la juu getini, shona namba yako ya simu ndani ya ukosi, na wajulishe bodaboda wa kijiweni na mama ntilie wa jirani wamjue kwa sura. Kisima na karo viwe na mfuniko.

Hatua ya 10: Mwili wake

Somo hili huachwa kwa sababu linatia haya, na ndilo lenye gharama kubwa likiachwa. Watoto wenye ulemavu wa akili hudhalilishwa kingono zaidi ya wenzao, mara nyingi na watu wanaowafahamu, kwa kuwa wamezoeshwa kuvuliwa nguo na kutii kila mkubwa. Kwa hiyo hata kuoga kuwe somo: mlango unafungwa, sehemu za siri ananawa mwenyewe mapema iwezekanavyo, na watu wanaoruhusiwa kumsaidia wanajulikana kwa majina. Mfundishe majina halisi ya viungo. Mfundishe kusema au kuonyesha "hapana", na heshimu hapana yake katika mambo madogo, maana hapana isiyosikilizwa kwenye chakula haitasikika mahali pengine. Likitokea jambo, usimwogeshe wala usifue nguo. Mpeleke hospitali na kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Kwa binti, hedhi ifundishwe kabla haijaanza, yaani dalili za kwanza za kubalehe zikionekana. Abandike pedi kwenye chupi yake akiwa mkavu na atembee nayo nusu saa. Baadaye weka matone ya rangi nyekundu ili aone kwamba hii ndiyo sababu ya kubadilisha. Vunja vipande kama kaptula: toa, kunja, funga kwenye karatasi, tupa, bandika mpya, nawa. Kalenda yenye alama itakujulisha siku zinazokaribia. Nyumbani ambako baba ndiye mlezi, somo hili apewe shangazi au bibi mapema.

Hatua ya 11: Watu wengine

Ukifundisha peke yako utachoka kabla ya mtoto. Kila mtu nyumbani apewe lengo moja tu la kulisimamia: kaka mkubwa awe na sahani za mezani, bibi awe na kunawa. Ndugu zake wasigeuzwe walinzi. Wawe na saa yao na wewe bila yeye. Mtoto atoke: sokoni, kanisani au madrasani, kwenye harusi, hata kama ni kwa dakika 20 za kwanza tu. Mwambie mwalimu wa Jumapili au ustadhi jambo moja analoweza kumpa, kama kugawa vitabu au kupanga mikeka. Maneno ya watu hupungua wakimwona ana kazi.

Hatua ya 12: Daftari kila mwisho wa mwezi

Fungua zile kurasa za wiki ya kwanza. Lengo lililotimia lihamishie kwenye maisha ya kawaida, lifanyike kwa bibi na kwa jirani pia, kisha chukua jipya. Lisilosogea mwezi mzima limevunjwa vipande vikubwa mno, au msaada umekaa ngazi ileile, au mtoto haoni faida yake. Badilisha kimoja kati ya hivyo vitatu, usivibadilishe vyote pamoja, la sivyo hutajua kilichosaidia. Stadi aliyokuwa nayo ikipotea kabisa, usiandike uvivu. Rudi hospitali.

Na kila muhula unapoanza, mpelekee mwalimu wa kitengo daftari hilo. Mwulize sasa mtoto anaweza kuongezewa siku gani ya shule, na mkubaliane nani atamfuata mchana.